Taa ya injini inafutwa, inarudi: tafuta hewa kabla ya kununua kontroboksi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST ya 2005, injini ya 1NZ, niko Tegeta. Taa ya injini ya rangi ya chungwa iliwaka, nikaenda gereji wakapima kwa mashine, wakafuta. Baada ya siku chache ikarudi. Fundi akasema ni sensa ya oksijeni, nikanunua, akafunga, akafuta tena. Wiki moja kimya, kisha ikawaka. Sasa anasema kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Kwenye karatasi aliandika P0171. Gari linatembea vizuri, ila asubuhi likiwa kwenye sailensi (injini inawaka, sijakanyaga mafuta) linatetemeka kidogo, likipata moto linatulia. Je, kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe nyumbani kabla sijatoa hela nyingine?

JIBU: Nzuri, dada. Kipo, tena kingi. Na kontroboksi usinunue kwanza.

Tuanze na hiyo karatasi. P0171 haisemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Inasema mchanganyiko unaoungua ndani ya injini una hewa nyingi kuliko petroli inayotakiwa, na kontroboksi imejaribu kuongeza petroli mpaka imefika mwisho wa uwezo wake, bado haitoshi. Aliyeleta taarifa hiyo ni sensa ya oksijeni, iliyoko kwenye ekzosi, inayonusa moshi unaotoka. Fundi wako alisoma taarifa, kisha akambadilisha aliyeileta. Mjumbe hauawi. Sensa mpya ilipokaa pale ikakuta hali ile ile, ikatoa ripoti ile ile. Sensa yenyewe ikiharibika huwa na kodi zake, yaani namba za hitilafu: P0135, kwa mfano, ni hita ya ndani ya sensa hiyo. Huna P0135. Una P0171.

Sasa utauliza, mbona ilikaa wiki nzima imezima? Kwa sababu ilifutwa. Hitilafu nyingi hazitakiwi kuwasha taa mara ya kwanza zinapoonekana. Kontroboksi husubiri izione katika safari mbili zinazofuatana, na kabla ya hapo inabidi ijifunze upya kiasi cha petroli cha kuongeza au kupunguza. Ukifuta unafuta pia mafunzo hayo. Gari linaanza kuhesabu upya, na wewe unapata siku kadhaa za amani usizozilipia ufundi wowote. Kuchomoa betri usiku na kuirudisha asubuhi ni kazi ile ile. Kibaya zaidi, kufuta kunaondoa picha ya hali ilivyokuwa dakika taa ilipowaka: mwendo, joto la injini, mzigo, mizunguko. Skana nyingi zinaisoma picha hiyo. Kwa hiyo kuanzia leo sheria ni moja: hakuna anayefuta kabla hujaipiga picha skrini yake kwa simu.

Kabla hujafungua boneti, kumbuka: taa iliwaka lini kwa mara ya kwanza? Ilifuata sevisi? Ilifuata kuoshwa injini? Kule kuosha injini kwa mashine ya presha, watu wakifurahia boneti inayong'aa, kumewapelekea mafundi kazi nyingi sana, maji yanapoingia kwenye soketi za sensa na kwenye mashimo ya plagi. Ikiwa ilifuata sevisi, uwezekano ni mkubwa kwamba mpira fulani haukurudishwa, au boksi la ea klina halikufungwa klipu zake zote.

Kutetemeka asubuhi na kutulia likipata moto ni dalili inayonipeleka moja kwa moja kwenye hewa inayoingia kwa mlango wa uani. Injini yako ina sensa ya hewa, mafundi wanaiita eafulo, imekaa kwenye boksi la ea klina na inapima hewa yote inayopita. Kontroboksi inatoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Kukiwa na ufa popote baada ya sensa hiyo, hewa inaingia bila kuhesabiwa, na petroli inapungukiwa. Mipira na gaskiti za umri wa IST yako zimekauka. Zikiwa baridi zinasinyaa na kuacha upenyo, zikipata joto zinavimba na kuziba kidogo. Ndiyo maana saa mbili asubuhi unatetemeka na saa tatu uko Mwenge huhisi kitu.

Fanya ukaguzi asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa nje na si ndani ya banda lililofungwa, gia kwenye P na handibreki juu. Funga nywele na mtandio usije ukavutwa na mkanda.

Anza kukagua injini ikiwa imezimwa. Utaona mpira mnene mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye throto bodi, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Usiuangalie kwa juu tu. Ushike kwa mikono miwili na uupinde, mikunjo ifunguke, kisha pitisha vidole upande wa chini ambao macho hayafiki. Ufa hukaa ndani ya mkunjo. Mpira ukiwa umetulia unaonekana mzima, ukiupinda unafunguka kama mdomo. Angalia pia bana zake za pande zote mbili. Nimeona ya kubanwa kwa waya wa kufungia mabati, na mwenye gari alikuwa ameshabadilisha plagi na koili.

Kisha fuata mipira midogo. Upo unaotoka juu ya kifuniko cha injini, penye valvu ya PCV (ya kutoa mvuke wa oili ndani ya injini), kwenda kwenye manifoldi ya hewa, bomba linalogawia silinda hewa. Huu ndio mtuhumiwa wangu wa pili. Mvuke wa oili unaupita kila siku, unakuwa laini kama ulioiva au mgumu kama bomba la plastiki, na unapasuka mwishoni kabisa, pale unapovalishwa. Uvue, uangalie ncha zake. Ukikuta ufa mwishoni tu na mpira bado una urefu, kata kipande hicho uuvalishe tena, umepona kwa muda huku ukitafuta mpya. Upo mwingine mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, ile inayolainisha pedali. Wa busta una kipimo rahisi: gari likiwa limezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, busta iko sawa. Isiposhuka, au ukisikia "ssss" miguuni, hapo pana uvujaji, na hapo si suala la taa tena, ni breki zako.

Baada ya hapo washa injini na usikilize. Zima redio, feni ya kiyoyozi, na umwombe jirani apunguze muziki. Kisha chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni au ya kupigia pasi, maji matupu, na pulizia kidogo kidogo kwenye maungio: manifoldi inapokutana na injini, mashina ya mipira midogo, ukingo wa throto bodi. Usipulizie kwenye koili wala alternata. Penye upenyo maji yataziba kwa sekunde moja na mlio wa injini utabadilika, wakati mwingine utasikia maji yakinywewa. Mafundi wengi hufanya hivi kwa petroli au kemikali ya kusafishia kabureta. Jibu linaonekana haraka zaidi, kweli, lakini ni vitu vinavyowaka vinavyomiminwa karibu na ekzosi. Nyumbani tumia maji.

Manifoldi ya 1NZ ni ya plastiki na gaskiti yake ni ya mpira. Ikiwa maji yamebadilisha mlio pale, umepata jibu la gari zima kwa bei ya gaskiti.

Usipopata kitu, nenda kwenye sensa ya hewa yenyewe. Ikishika vumbi na mafuta inapima hewa pungufu, na matokeo ni P0171 hiyo hiyo. Fungua boksi la ea klina kwanza: chujio likiwa limepulizwa kwa kompresa mara nyingi, karatasi yake hutoboka, na vumbi la barabara ya changarawe linapita moja kwa moja. Liinue juani. Ukiona vitundu vya mwanga, tupa. Sensa ina skrubu mbili. Izime swichi, chomoa soketi kwa kubonyeza kikufuli chake, itoe taratibu. Ndani utaona vinyaya vyembamba sana. Hivyo havisuguliwi kwa kitambaa, wala pamba, wala havipulizwi kwa kompresa. Ipo dawa ya kupulizia ya sensa za hewa, ndiyo hiyo tu inayotumika. Ya kabureta inaweza kuharibu. Pulizia, iache ikauke kabisa, rudisha.

Tatu ni petroli yenyewe. Kwenye gari lako pampu na chujio vimo ndani ya tangi, kwa hiyo hapo sikushauri ufungue nyumbani. Presha ya injini hii inatakiwa iwe kati ya bar 3 na 3.5 hivi, na inapimwa kwa geji, si kwa kubana mpira na kidole. Kama una mazoea ya kutembelea taa ya mafuta, chujio linavuta uchafu wa chini ya tangi na pampu inakosa petroli ya kuipoza. Lakini petroli ikiwa ndiyo pungufu, gari hulalamika zaidi kwenye mlima na unapoovateki, si kwenye sailensi ya asubuhi. Malalamiko yako ni kinyume chake.

Na tofauti hiyo inapimika kwa nambari. Ndiyo maana nakushauri, hela ya kontroboksi ukate kipande kidogo ununue kifaa cha Bluetooth cha ELM327, cha kusoma kompyuta ya gari, na uweke programu kwenye simu, mfano Torque au Car Scanner. Tahadhari mbili. Nakala za bei ya chini kabisa nyingi ni mbovu. Na IST, Vitz, Raum za soko la Japani za miaka hiyo zina tundu la kuchomekea skana lenye pini 16 kama magari mengine, lakini haziongei lugha ile ile ya magari ya Marekani, ambako mfumo huu ulikuwa lazima tangu matoleo ya 1996. Ukichomeka utaambiwa imeshindwa kuunganishwa, utadhani kifaa kibovu. Kwenye mipangilio ya Car Scanner chagua wasifu wa Toyota za Japani. Torque nayo ina sehemu ya kuweka amri za kuanzia za magari hayo.

Ikiunganishwa, tafuta LTFT. Hiyo ni asilimia ya petroli ambayo kontroboksi imejizoeza kuongeza au kupunguza. Ikicheza ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, sina ugomvi nayo. Isome injini ikiwa ya moto kwenye sailensi, kisha ishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika nzima uisome tena, pamoja na STFT iliyo jirani yake, ambayo ni marekebisho ya papo hapo. Ikiwa kwenye sailensi iko juu, tuseme 20 na kitu, na ukikanyaga inashuka kuelekea kwenye kawaida, ni uvujaji wa hewa: tundu lile lile dogo linakuwa si kitu injini inapovuta hewa nyingi. Ikiwa sailensi ni nzuri na inapanda ukikanyaga, tafuta petroli au sensa ya hewa. Kipimo hiki kimoja kinaokoa hela kuliko kubahatisha spea, na nashangaa gereji ngapi zina mashine ya gharama na haziangalii ukurasa huo.

Bado sijaiacha sensa uliyonunua. Iangalie ile ya zamani, kama fundi alikurudishia. Sensa za Toyota za waya nne zinafanana kwa macho, lakini zilizoandikwa nambari inayoanza na 89465 ni sensa za oksijeni za kawaida, na za 89467 ni aina nyingine, inayopima uwiano wa hewa na petroli kwa kina. Hazibadilishani. Kama ya zamani ilikuwa ya aina moja na mpya ni ya nyingine, una matatizo mawili sasa. Na usikilize ekzosi asubuhi: mlio wa "tak tak tak" unaopotea likipata moto ni ufa au gaskiti ya manifoldi ya ekzosi. Tundu likiwa kabla ya sensa, hewa ya nje inaingizwa humo na sensa inadanganyika, inaripoti hewa nyingi ambayo injini haikuvuta.

Wasio na skana na wenye Toyota za Japani za umri huu wana njia ya zamani. Tundu la skana liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Upande mpana ukiwa juu, pini zinahesabiwa kushoto kwenda kulia, 1 hadi 8 juu, 9 hadi 16 chini. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stati. Taa itapepesa haraka haraka bila kukoma kama hakuna kodi. Ikiwa ipo, itapepesa kwa tarakimu: mbili, inapumzika, tano, ni 25, yaani hewa nyingi, ndugu wa P0171. 31 ni upande wa sensa ya hewa, 21 sensa ya oksijeni, 22 joto la maji. Hesabu pini mara mbili. Ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, ukiiunganisha na ya 4 umepiga shoti. Kama mkono wako unatetemeka, acha, nunua kifaa.

Wengine wanaonisoma wana kodi tofauti, niwaguse kwa haraka. P0420 kwa magari yetu mara nyingi maana yake masega (kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi) yameondolewa na kuuzwa, wakati mwingine kabla hujalinunua gari. Hakuna sensa itakayoitibu. P0128 inasema injini haifiki joto lake, na ukiuliza utaambiwa temostati, valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, ilitolewa "kwa sababu huku kwetu ni joto". Rudisha temostati. Bila hiyo kontroboksi inadhani injini bado baridi na inamwaga petroli, kisha unalalamikia ulaji wa mafuta. P0301 hadi P0304 inataja silinda inayomisi: hamisha koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine, kodi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu, isipohama angalia plagi na nozeli. Ule ushauri wa kukaza mfuniko wa tangi mnaouona kwenye video za Wamarekani unahusu magari yanayopima uvujaji wa mvuke wa petroli. Mengi ya soko la Japani hayapimi hilo, msipoteze muda.

Na taa ikiwa inapepesa ukiwa unaendesha, hiyo si ya kusubiri. Injini inamisi kwa kiwango cha kuunguza masega. Punguza mwendo, egesha, usilazimishe kufika. Nyekundu ya kopo la oili au ya joto ni habari nyingine kabisa: zima injini hapo hapo.

Turudi kwenye kontroboksi. Hufa, ndiyo, lakini huwa na sababu: imeingiwa maji, betri ilibustiwa waya zikageuzwa, au mtu alichomelea bodi bila kuchomoa betri. Na ikifa haikupi malalamiko moja yaliyonyooka ya hewa nyingi huku gari likitembea vizuri. Tena kama IST yako ina kinga ya ufunguo, kontroboksi ya gari jingine ikifungwa hivi hivi injini inaweza kukataa kuwaka kabisa. Mwambie fundi, kwa heshima: "Naomba tupime uvujaji wa hewa na presha ya petroli kwanza, nione LTFT kwenye skrini." Fundi mzuri hatakasirika. Akikujibu kwamba utachoma hela bure, angalau ni zako na ni kidogo. Na akikuambia anaweza kuizima taa isiwake tena, ondoka naye polepole. Kuna wanaotoa balbu au kuiziba. Kila ukiwasha swichi, kabla ya stati, taa hiyo lazima iwake kisha izime injini ikiwaka. Anayenunua gari la mtumba aiangalie hivyo kabla ya kuangalia rangi.

Ukishapata ufa na kuuziba, futa mara moja tu, kisha endesha kama kawaida, foleni na barabara wazi, na uangalie LTFT kila baada ya siku mbili tatu. Ikirudi karibu na sifuri, kazi imekwisha hata kabla hujajua kama taa itarudi. Ikianza kupanda tena, niandikie vitu vitatu: LTFT ya sailensi, LTFT ya mizunguko 2,500, na nambari iliyoandikwa kwenye sensa uliyofungiwa.